Viwanja vya Besiboli na Kanuni Yao

Katika besiboli ya Marekani, mpira uliopigwa kwa gongo ukivuka ukuta huleta bao. Futi 90 baina ya kituo na kituo ni zile zile kila mji. Ukuta ndio usio na kipimo kimoja. Kule Boston, katika Fenway Park iliyofunguliwa mwaka 1912, ukuta wa kushoto uko futi 310 tu kutoka kwa mpigaji, ingawa kimo chake ni futi 37.

Wapo wasemao kuwa hapana dhuluma, kwani timu zote mbili huchezea ukuta ule ule. Kwa mechi ya siku hiyo twakubali. Lakini timu hucheza nyumbani nusu ya mechi zake 162 za ligi, kisha mabao ya mpigaji wake hulinganishwa na ya wenziwe wa miji mingine.

Hatudai ukuta wa Boston ubomolewe. Ni mkongwe kuliko kanuni, na soka letu nalo huruhusu urefu wa mita 90 hadi 120. Tunacholalamikia ni kanuni isiyowafika wakubwa. Viwanja vilivyojengwa baada ya Juni 1958 vyatakiwa viwe na futi 325 pembeni, zisipungue. Yankee Stadium mpya ya New York ikafunguliwa mwaka 2009 ikiwa na futi 314 upande wa kulia, na ligi ikaridhia.