Cheti cha mpakani hakipimi sumukuvu

KIGALI. Mfanyabiashara anayenunua pilipili kavu Kigali hutazama rangi, ukali na uzito. Maabara hutafuta kingine: sumukuvu, isiyoonekana, isiyonuka na isiyokwisha kwa kupikwa.

Sumu hiyo hutolewa na kuvu aina ya Aspergillus, inayostawi pale zao linapoanikwa chini au kufungwa kwenye gunia kabla halijakauka vizuri. Rwanda, yenye misimu miwili ya mvua, hilo hutokea kirahisi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya; Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania. Viungo navyo havina kinga. Umoja wa Ulaya hukubali mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo ya pilipili kavu, Marekani 20.

Wengi hukosea hapa. Cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, humwondolea mchuuzi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Kinasema bidhaa imetoka wapi, basi. Usalama ni suala la vipimo, na Bodi ya Viwango ya Rwanda (RSB) ina maabara papa hapa Kigali. Sampuli itoke kwenye magunia mengi, kwani moja laweza kuwa safi na la jirani yake likawa na sumu tele.

Kabla ya kulipa, itikise pilipili sikioni. Iliyokauka, mbegu huchezacheza ndani. Inayokunjika bila kuvunjika bado ina maji. Muuzaji airudishe juani, juu ya turubai.