Chunusi za kijana wako: Mshubiri unasaidia, lakini hautoshi

Mtoto akifika balehe na uso kuanza kujaa chunusi, ushauri wa kwanza katika familia nyingi haugharimu kitu: kata jani la mshubiri, mpake. Kwa mzazi wa Kitaya, kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, ushauri huo una mvuto zaidi. Daktari wa ngozi hayupo kijijini, na kumfuata mjini kunahitaji nauli.

Je, mshubiri, ambao wengi wanauita alovera, unatibu chunusi? Unasaidia, lakini hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa ni tiba ukitumiwa peke yake.

Homoni za balehe hufanya ngozi itoe mafuta mengi. Vitundu vya ngozi huziba, bakteria huzaliana humo na uvimbe hutokea. Ute wa mshubiri hutuliza uvimbe na kuipa ngozi unyevu, lakini hauzibui vitundu hivyo.

Utafiti uliofanyika Iran na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha wagonjwa 60 wenye chunusi hafifu na za wastani. Wote walipaka tretinoini, dawa ya chunusi, na nusu yao waliongezewa jeli ya mshubiri. Baada ya wiki 8, walioongezewa jeli walipata nafuu kubwa zaidi. Mshubiri ulikuwa msaidizi wa dawa, si mbadala wake.

Namna ya kuutumia

Kata jani, lisimamishe dakika 10 hadi 15 ili utomvu wa njano utoke. Utomvu huo ndio wenye uchungu wa shubiri, na huweza kuiwasha ngozi. Osha, menya, chukua ute mweupe. Jaribu kwanza kwenye mkono na usubiri siku moja. Usichanganye na ndimu wala dawa ya meno, vinaweza kuunguza uso. Asinywe.

Kijana aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, asitumbue chunusi, na aache kupaka mafuta ya nazi usoni, kwani huweza kuziba vitundu.

Duka la dawa huuza benzoili peroksaidi. Anza na asilimia 2.5, na uwe mvumilivu: matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Tretinoini itolewe kwa ushauri wa mtaalamu, na mjamzito asiitumie.

Epuka krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi huwa na steroidi, zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi zenyewe huleta chunusi.

Usisubiri makovu

Hasara kubwa ya kutegemea jani pekee ni muda. Chunusi kubwa, ngumu na zenye maumivu huacha makovu ya kudumu wakati familia ikiendelea kupaka. Ukiona hizo, au miezi miwili ikipita bila nafuu, mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa ikibidi hadi Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini.

Na nyumbani, maneno yapunguzwe. Chunusi si uchafu, wala si dalili kwamba mtoto ameanza mapenzi. Kijana anayetaniwa kila siku huficha uso, kisha hutafuta krimu kimyakimya. Anayesikilizwa husema mapema.