Mwafaka Usiohesabu Mikono: Wazee wa Nchiru na Wahandisi wa Intaneti

Nchiru, katika Kaunti ya Meru, yapo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Huko huko kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambako vijana hufunzwa kuandika programu za tarakilishi. Aghalabu mpita njia huziona taasisi hizi kama jana na leo zisizojuana. Hata hivyo, katika adabu ya kubishana, wazee na wahandisi wanakaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Kwa Wameru na Waembu baraza la wazee huitwa kiama. Uamuzi wake hautafutwi kwa kura. Wazee husemezana hadi mwafaka upatikane.

Wahandisi nao wana kiama chao. Mnamo Aprili 1969, Steve Crocker, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika waraka wa kwanza kuhusu namna ya kuunganisha tarakilishi za mbali. Hakuuita kanuni wala agizo, bali ombi la maoni, ili asionekane kuwaamuru wenzake. Nyaraka za aina hiyo sasa zimepita 9,000, na zingali zinaitwa maombi ya maoni. (Mwanapragmatiki ana la kuchunguza hapo.)

Kundi la wahandisi wanaozijadili nyaraka hizo, IETF, halipigi kura. Mwenyekiti akitaka kupima msimamo wa ukumbi, waliohudhuria huguna kwa midomo iliyofumbwa. Waraka nambari 7282 wa mwaka 2014, ulioandikwa na Pete Resnick, unafafanua sababu: watu 100 wakiunga mkono jambo na 5 wakapinga, huenda mwafaka bado haujapatikana, maadamu pingamizi la hao 5 halijajibiwa. Si lazima likubaliwe. Ni lazima lijibiwe. Kasoro ya programu iliyoonwa na mmoja haiondoki kwa sababu wengi hawajaiona. Heshima hapa si maneno matamu tu, ingawa ukali nao una gharama: Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa lugha yake dhidi ya wenzake.

Ugumu unazuka pale mwenye pingamizi asipokuwapo barazani. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wanaume, lilipiga marufuku ukeketaji wilayani Meru, serikali ya kikoloni ikiliunga mkono. Ukeketaji ulistahili kukomeshwa. Lakini wasichana na mama zao hawakuwa sehemu ya mjadala, na wasichana wengi wakakeketana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Kwa mujibu wa mwanahistoria Lynn Thomas, katika miaka 3 zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Mwafaka ulikuwapo; waliohusika zaidi hawakujibiwa, kwa kuwa hawakuulizwa.

Swali hilo linaihusu pia taaluma ya Kiswahili. Katika mjadala wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi, wataalamu wamepimana hoja kwa miaka mingi, kila upande na sababu zake za kiisimu. Karani wa Embu anayekaa mbele ya mashine hiyo kutwa nzima, na mwanafunzi wa Nchiru anayeiandikia programu, wao huitwa kutoa maoni katika kikao kipi?