KITUO CHA RIPITA: TUKAGUE KABLA YA KUNUNUA



Katika vikao vya baadhi ya vyama vyetu vya msingi limezuka wazo la kujenga kituo cha ripita, yaani mtambo wa redio uwekwao mahali pa juu ili upokee sauti hafifu ya redio ndogo na kuirusha upya kwa nguvu. Wazo hili lina msingi. Tarehe 12 Mei, 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari ilizorotesha intaneti nchini mwetu na katika nchi jirani. Ripita haitegemei nyaya hizo wala minara ya makampuni ya simu. Lakini hujengwa kwa fedha ya mwanachama, na fedha hiyo ni jasho la shamba. Yatupasa basi kujua namna ripita ifanyavyo kazi, na namna ya kutafuta kasoro zake, kabla ya kuidhinisha malipo yoyote.

LESENI KWANZA

Masafa ya megahezi 144 hadi 146 yametengwa kwa ajili ya redio za ridhaa. Mtumiaji wake sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, naye hupewa alama ya wito ianzayo na 5H. Redio ya ridhaa ni ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidia wakati wa maafa. Hairuhusiwi kufanyia biashara. Kutangaza bei ya korosho au kuita lori la mzigo kwa masafa hayo ni kosa. Chama kinachotaka redio kwa shughuli za mauzo kiombe masafa ya biashara. Ujenzi na ukaguzi wa mitambo hiyo miwili hufuata kanuni zile zile.

MAHALI NA MITAMBO

Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Watu wawili wenye redio za mkononi, wakisimama kwenye tambarare ya Namasakata, wana upeo wa kilometa 10 hivi, na miti na vilima huupunguza. Antena ikiinuliwa mita 100 juu ya nchi inayoizunguka, upeo wake peke yake hufika kilometa 41. Kwa hiyo kilima kizuri chaweza kuwa na faida kuliko mtambo mkubwa.

Ripita hupokea na kurusha kwa wakati mmoja. Kwa mfano, hupokea kwa megahezi 145.000 na kurusha kwa 145.600. Kwa kuwa masafa hayo yamekaribiana, sauti ya mtambo wenyewe ingeziba sikio lake. Kazi ya kuyatenganisha hufanywa na dupleksa, ambayo ni mitungi ya chuma iliyorekebishwa kwa uangalifu. Mitungi hiyo huwezesha antena moja kutumika kwa kazi zote mbili.

Kebo ya antena nayo isidharauliwe. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58, yenye urefu wa mita 30, hula karibu robo tatu ya nguvu katika masafa haya. Chama kilichonunua mtambo wa wati 40 na kuufunga kwa kebo hiyo kimenunua wati 10.

Umeme wa jua upigiwe hesabu kama bajeti. Tuchukulie kwamba mtambo hula ampea 8 unaporusha na nusu ampea unaposubiri. Ukirusha kwa jumla ya saa 4 kwa siku, utatumia ampea-saa 32, na saa 20 za kusubiri zitatumia 10. Jumla ni 42. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, hivyo itatosha siku moja tu. Katika majira ya mvua, mawingu yaweza kudumu siku tatu. Basi panahitajika akiba ya ampea-saa 250 hivi.

Mwisho ni kinga ya radi. Mlingoti, kebo na sanduku la mtambo viunganishwe na waya mnene wa shaba ulioingia ardhini, na vituo vyote vya ardhini viunganishwe pamoja. Mtu asipande mlingoti wakati mawingu ya radi yanakusanyika.

KUTAFUTA KASORO

Fundi akisema "mtambo umekufa, tununue mwingine," kamati imtake kwanza apite hatua hizi kwa taratibu.

1. Kituo hukatika usiku au sauti ikirushwa. Apime volti za betri wakati mtambo unarusha, si wakati umetulia. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa haina mzigo, kisha huanguka.

2. Kituo husikia lakini hakifiki mbali. Apime nguvu iendayo kwenye antena na ile irudiyo. Kwa wati 50 ziendazo, zikirudi zaidi ya 2, achunguze kebo na viungio. Maji yaingiayo kwenye kiungio ni adui wa kawaida. Mtambo usirushe kamwe bila antena au mzigo wa majaribio, kwani waweza kuungua.

3. Kituo husikika mbali lakini hakisikii. Mtu wa mbali aite kwa nguvu ndogo huku fundi akisikiliza kipokezi. Kisha kirushio kizimwe. Sauti ikisafika mara tu kirushio kinapozimwa, mtambo unajiziba wenyewe: kasoro ipo kwenye dupleksa, kebo au kiungio kilicholegea. Skurubu za dupleksa zisiguswe bila vipimo maalumu.

4. Kituo hujifungua bila mtu kuita. Mara nyingi ni mwingilio wa mawimbi mengine. Kipokezi kiwekewe toni ya kufungulia, kwa mfano ya hezi 88.5, ili kiwajibu wale tu wenye toni hiyo.

Hatua hizi zikikamilika bila jibu, hapo ndipo mtambo wenyewe ushukiwe.

DAFTARI LA KITUO

Kila kituo kiwe na daftari, kama ghala lilivyo na leja. Siku ya kwanza yaandikwe volti za betri, nguvu iendayo na irudiyo, na vijiji vilivyosikika vizuri. Vipimo hivyo virudiwe kila mwezi. Anayejua jana kilipimwa nini ataona leo kilichopungua, naye hatauziwa mtambo mpya kwa kosa la kiungio kilichoingia maji. Kamati isiyo na daftari humtegemea fundi kwa kila neno asemalo, na mkaguzi ajapo haina cha kumwonyesha isipokuwa stakabadhi za malipo.

Mkaguzi wa Ushirika