Mwanga wa Jua na Vijidudu vya Maji

Mwezi Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi. Munanila nayo iko jirani na mpaka huo huo, na kaya ambayo bado huchota maji kijitoni haina budi kuyachemsha. Lakini kuni ni mzigo, na wengi huyanywa hivyo hivyo.

Yafaa ieleweke kwamba jua lenyewe huua vijidudu. Mionzi yake isiyoonekana kwa macho humharibu mdudu asiweze kuzaana. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kwamba titani dioksidi, ule unga mweupe utiwao katika rangi za nyumba, ukipigwa na mionzi hiyo huweza kupasua maji yakawa oksijeni na hidrojeni. Mwaka 1985, huko huko Japani, ilidhihirika kwamba huua vijidudu pia: mwanga huuamsha, nao hugeuza maji na hewa iliyomo kuwa oksijeni kali inayotoboa ngozi ya mdudu. Unga wenyewe haupungui. Ukisagwa hadi chembe zake zipimwe kwa nanometa, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 1,000,000, huyagusa maji mahali pengi zaidi. Taabu ni kuutoa majini baadaye, ndiyo maana wataalamu huugandisha kwenye kioo au kauri.

Mwanachama hana haja ya kuusubiri. Huko Kajiado, Kenya, kaya za Wamasai zilipewa chupa za plastiki. Baadhi zikaziweka juani, nyingine ndani ya nyumba. Kipindupindu kilipoingia, kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 walionywa maji ya juani waliugua 3. Kati ya 144 wa kundi la pili waliugua 20. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001.

Chupa iwe ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, nayo ilazwe juani tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mawingu yakitanda, iachwe siku mbili. Katika mvua ya kutwa, maji yachemshwe tu. Maji ya tope yachujwe kwanza: chupa iliyojaa ikisimamishwa juu ya gazeti, mtu akitazama kutoka mdomoni aweze kusoma kichwa cha habari.

Chupa iliyowahi kutiwa dawa ya mibuni isitumike kamwe, hata ikioshwa mara ngapi, kwani jua haliondoi sumu. Katibu anayepokea chupa tupu za dawa ghalani na azitoboe siku hiyo hiyo.