Kukoma kwa hedhi: Je, tiba ya homoni ni ya kuogopwa?

Kukoma kwa hedhi si ugonjwa, bali ni hatua ya kimaumbile. Hata hivyo, dalili zake zaweza kumnyima mwanamke usingizi, kumvuruga kazini na kutia mashaka katika ndoa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wanawake wengi huifikia hatua hiyo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Huthibitika baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine. Kabla ya hapo mimba bado yaweza kutunga.

Chanzo ni kupungua kwa homoni ya estrojeni itokayo katika ovari. Matokeo yake ni joto la ghafla, jasho la usiku, ukavu ukeni na mifupa kudhoofika.

Tiba ya homoni hupunguza dalili hizo, lakini wengi huiogopa. Mwezi Julai 2002, watafiti nchini Marekani walisitisha sehemu ya utafiti iliyowahusisha wanawake zaidi ya 16,000, baada ya kubaini ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Wanawake wengi duniani waliacha dawa hizo.

Uchambuzi uliofuata ulitoa picha tofauti. Wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, na ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa wagonjwa 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Leo wataalamu wanasema kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60 na anayesumbuliwa na dalili, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hushauriwa kutotumia tiba hiyo. Mwenye mfuko wa uzazi huhitaji pia projesteroni, kwani estrojeni peke yake yaweza kuleta saratani ya ukuta wa mfuko huo.

Kwa wasiotumia homoni, zipo dawa nyingine, ikiwemo fezolinetant iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Mazoezi na kuacha sigara husaidia kulinda mifupa na moyo.

Jambo moja halipaswi kupuuzwa: damu inayorejea baada ya hedhi kukoma. Si ishara ya ujana kurudi, na mwanamke anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa.