Kuosha Gari Nyumbani: Sabuni Sahihi, Ndoo Mbili na Mto Ulio Salama

Barabara ya lami kutoka Lamadi hadi Bariadi, inayopita Dutwa, imerahisisha safari za wakazi wengi. Hata hivyo, mara chombo kinapoiacha lami kuelekea vijijini, hukutana na vumbi wakati wa kiangazi na tope zito la udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua. Ndiyo maana wamiliki wa magari, bajaji na pikipiki huosha vyombo vyao mara kwa mara, wengine nyumbani na wengine kando ya mito. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua na kutumia bidhaa za usafi ili chombo kidumu, maji yasipotee na mto usichafuliwe.

Kwa nini si mtoni

Mto Simiyu, pamoja na Mto Duma unaoungana nao, hupeleka maji yake katika Ziwa Victoria kupitia Ghuba ya Speke. Sabuni, oili na grisi zinazotoka kwenye gari lililooshwa mtoni huwafikia kwanza watu na mifugo wanaotumia maji hayo upande wa chini, kisha hufika ziwani. Sabuni nyingine zina fosfeti, ambayo hurutubisha magugu maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Kwa hiyo, mahali panapofaa ni nyumbani, juu ya changarawe au majani, mbali na kisima na mifereji inayoelekea mtoni.

Kuchagua sabuni

Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya kufulia nguo. Ikitumiwa kwenye gari mara kwa mara, ukali wake huondoa nta inayolinda rangi, hukausha mipira ya milango na kuifanya rangi ipauke mapema kwa jua. Dawa ya kuondoa madoa ya nguo ina madhara makubwa zaidi, kwa kuwa huchochea kutu. Inayofaa ni shampuu ya gari yenye pH inayokaribia 7, ambayo huondoa uchafu bila kuondoa nta.

Mnunuzi anashauriwa kusoma lebo kabla ya kulipa. Lebo iwe na jina la mtengenezaji, kipimo cha kuchanganya na tahadhari. Kwa bidhaa iliyothibitishwa, iwepo pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Sabuni ya maji inayopimwa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo haimwezeshi mnunuzi kujua ukali wake. Aidha, kuzidisha kipimo hakuongezi usafi. Huongeza tu maji ya kusuuzia.

Hatua za kuosha

Mpira wa maji ulioachwa wazi unaweza kumwaga zaidi ya lita 10 kwa dakika moja. Ndoo mbili za lita 20 hutosha gari dogo lisilo na tope jingi. Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa, kwa sababu sabuni inayokaukia juani huacha madoa.

Kwanza, vumbi na tope viondolewe kwa kumwagia maji kidogo. Kusugua rangi yenye mchanga ni kuichubua. Pili, ndoo moja iwe na shampuu na nyingine iwe na maji safi ya kusuuzia sponji kila baada ya kuosha sehemu moja. Tatu, kazi ianzie juu ya paa na kushuka chini, na magurudumu yaoshwe mwisho kwa kitambaa chake. Nne, gari likaushwe mara moja kwa kitambaa laini, hasa pale panapotumika maji ya kisima yenye chumvi, kwa kuwa huacha alama nyeupe.

Nta ipakwe kwa wembamba juu ya rangi safi na kavu. Maji yanapoacha kujikusanya kama matone juu ya boneti, ni wakati wa kuipaka upya. Dizeli na oili chafu zisitumike kung'arisha matairi, kwani huharibu mpira. Polishi ya dashibodi isipakwe kwenye usukani wala pedeli, kwa kuwa huteleza. Mikanda ya usalama isafishwe kwa sabuni laini na maji tu, kwa sababu kemikali kali hudhoofisha nyuzi zake.

Usalama wa familia

Dawa ya kuondoa madoa isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Katika wilaya hii ya wakulima wa pamba, bomba la kupulizia viuatilifu lisitumike kunyunyizia sabuni ya gari, na chupa tupu za viuatilifu zisihifadhi kitu kingine chochote. Vilevile, shampuu na polishi zisiwekwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, kwani mtoto hutambua chupa, hatambui kilichomo. Akinywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe mara moja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na chombo chenye lebo ya bidhaa hiyo.

Mwananchi anayeona magari yakioshwa mtoni au kwenye bwawa anaombwa kutoa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Maji yanayochafuliwa katika kijiji kimoja ndiyo yanayotekwa katika kijiji kinachofuata.